Wembe wa Mtu wa Nuu

Ninyi vijana mnaonyoa kwa mashine hamjawahi kuogopwa na mteja, na kwa hivyo nusu ya kazi hii hamuijui. Mtu anaingia kwenu, anakaa, ananyoosha kidole kwenye ile picha ya vichwa mliyobandika ukutani, anasema nipe kama huyu wa chini, kisha anasinzia. Kwangu mimi hakuna aliyesinzia. Mtu aliinua kidevu, nikaliona koo likipanda na kushuka, na macho yake yakanifuata kwenye kioo kila nilikoenda. Alikuwa ananishuku, na alikuwa na haki. Wembe wa kukunja ukishafunguliwa ni kisu, na mimi sikuwa ndugu yake.

Nami nilikuwa namshuku yeye. Msicheke. Kinyozi asiyeshuku atamnyoa mtu mwenye mapunye na kuyagawa kwa soko zima. Atauziwa sabuni isiyotoa povu na mkanda wa kunolea uliotengenezwa kwa mpira badala ya ngozi. Nimeshuku Kitui, nimeshuku Matiliku, na nimeshuku hapa mjini Wote mpaka nikastaafu, wala sijuti. Kuna mara moja tu ambayo mpaka leo sijui niiweke upande gani, na hiyo ndiyo nataka kuwaeleza.

Kazi nilifundishwa Kitui mjini, miaka ile ya karibu na uhuru, na Mzee Athumani. Watu wake walikuwa wametoka pwani zamani, lakini yeye alizaliwa papo hapo Kitui na aliwatukana mbuzi wake kwa Kikamba. Hakunipa kichwa cha mtu. Alinipa kibuyu, akakipaka povu, akaniambia ninyoe povu bila kukwaruza kibuyu. Nilinyoa kibuyu kile mpaka nikakichukia. Baadaye ndipo akaniruhusu ninyoe shingo za nyuma, halafu mashavu, na koo likaja mwisho kabisa.

Alikuwa na sheria zake, na mbili sijawahi kuzivunja. Ya kwanza, wembe ukiwa shingoni hakuna kuongea, si kinyozi wala mteja. Kulikuwa na karani mmoja aliyependa siasa kuliko chakula. Akianza hotuba yake, Mzee aliuweka wembe juu ya kikoromeo na kusimama tuli, na karani akanyamaza katikati ya neno. Mzee akaendelea kunyoa kana kwamba hakuna kilichotokea. Ya pili ni hii: wembe usioujua, ujaribu kwenye ngozi yako kwanza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa alama ndogondogo za nyembe alizowahi kununua.

Nilipohamia Matiliku kufungua chumba changu, nilikuta jambo ambalo ninyi hamlijui, kwa sababu siku hizi nywele mnazifagia na kuzimwaga nje tu. Watu wa kule, hasa wenye umri, walizibeba nywele zao. Mtu akishanyolewa aliinuka, akachukua ufagio mdogo niliouweka pembeni, akakusanya nywele zake mpaka ule unywele wa mwisho, akazifunga kwenye karatasi na kuzitia mfukoni. Ukiacha nywele zako mikononi mwa mtu mwingine, umemwachia mlango wa nyumba yako wazi. Hata wazee wa kanisa walifanya hivyo, huku wakisema ni kwa ajili ya usafi. Mimi sikuulizana nao. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wale walikwenda nazo nyumbani.

Basi siku moja ya soko, katikati ya miaka ya sabini, akaingia mtu mrefu mwenye viatu vya tairi na ndevu zilizomfunika mpaka mdomo ulikuwa wa kutafutwa. Kinyozi akiona ndevu kama zile anafurahi. Lakini huyu hakukaa. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua, ndani mna wembe wa kukunja uliokuwa mwekundu kwa kutu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mpini wa mti uliooza.

"Fundi, unanunua wembe?"

"Huu ni wa nani?"

"Nikiuza si ni yangu?"

"Wewe unaitwa nani? Umetoka wapi?"

"Musyoka. Natoka Nuu."

Hapo masikio yangu yalisimama. Kutoka Nuu mpaka Matiliku mtu anapita Mwingi, anapita Kitui mjini, anapita vinyozi wasio na idadi.

"Kwani Mwingi hakuna vinyozi?"

"Wako."

"Na Kitui?"

"Kitui wako wengi."

Hakuona kama kuna kitu cha kueleza. Kisha akataja bei, na bei yenyewe ilikuwa ndogo mno. Mtu anayetaka kuuza huanzia juu ili ashushwe, na huyu alianzia chini kama anayetaka kutua mzigo. Nilikuwa karibu kumrudishia kitambaa chake. Lakini mkono wa fundi ni mwizi, unashika kitu kabla akili haijakataa. Niliupiga ubapa wa ule wembe kwa ukucha, ukalia. Ulilia sauti nyembamba, ndefu. Chuma kilichopasuka hakilii hivyo, kinakohoa. Nikakwangua kutu kidogo kwenye mkia, pale kidole kinaposhika, nikaona mistari midogo ya meno ya tupa. Mhunzi alikuwa amechukua tupa ya zamani, chuma kigumu kuliko vyote, akaufua wembe kwa ajili ya mtu fulani aliyeuagiza. Nyembe za dukani nilikuwa nimeziona za kila aina. Wa namna hii sikuwa nimeuona hata kwa Mzee Athumani, na niliutaka.

"Lakini kuna sharti," Musyoka akasema, pesa zikiwa tayari mkononi mwake. "Ukimaliza kuitengeneza, usinyoe mtu yeyote kabla yangu. Mimi ndio wa kwanza. Nitarudi."

"Kwa nini?"

"Nitakwambia siku hiyo."

Akaenda zake.

Jirani yangu alikuwa Mama Syombua, aliyepika chai na maandazi kwenye kibanda ambacho ukuta wake ulikuwa mabati matupu, kwa hivyo kila nililosema lilimfikia kabla halijanitoka vizuri. Alikuja akiwa bado ameshika kijiko.

"Kimeu, hiyo kitu umenunua ni ya mtu amekufa."

"Nani amekuambia?"

"Nani aniambie? Mtu anatoka Nuu yote hiyo kuuza wembe, na anataka yeye awe wa kwanza? Wewe hujiulizi? Wa kwanza anaacha mzigo, wa pili ndio anaubeba. Sasa nani atakuwa wa pili?"

Nilimcheka, lakini swali lake lilibaki. Kwetu mtu akifa, vitu vyake vingine hugawanywa na vingine huwekwa mbali, na wembe wa marehemu hauguswi na mtu mwenye akili timamu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hata kabla ya soko lililofuata, Mutinda mwenye bucha alipita mlangoni kwangu akaita, "Fundi, wa pili amepatikana?" Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, na wakaacha kuja pia. Hawakujua kama ningewanyoa kwa wembe wangu wa siku zote au kwa ule, na hawakutaka kujua kwa shingo zao.

Hapo ndipo nilipoogopa, na nasema wazi niliogopa. Chumba nilichokodi, kiti kile cha kuzunguka, ada za watoto, vyote vilisimama juu ya jambo moja tu: kwamba mtu wa Matiliku anaweza kuinua kidevu mbele yangu. Nikiutupa wembe, ningekuwa nimekiri kwamba ni mbaya na kwamba niliukaribisha. Nikiuweka, kiti kinabaki kitupu. Nilikwenda hata kwa mchungaji wetu nikamwomba auombee. Aliutazama kwa mbali, mikono nyuma. "Mimi huombea watu, Kimeu," akasema. "Vyuma peleka kwa mhunzi."

Kwa hivyo nikafanya kile nilichojua. Nikaanza kuutengeneza, na nikiutengeneza niliuchunguza kama askari anayemhoji mtu.

Sikilizeni hapa, maana hata kama mtakuwa na mashine kumi, siku moja umeme utapotea. Wembe wenye kutu usiupeleke kwenye jiwe la umeme linalotoa cheche. Makali yakishageuka bluu kwa joto, ugumu umeondoka na umebaki na kijiko. Nililoweka wembe ule kwenye mafuta ya taa, nikasugua kwa majivu laini na kitambaa, polepole, nikifuata urefu wa chuma. Mpini uliooza niliutoa kwa kusaga vichwa vya misumari midogo iliyoushikilia. Chini ya mpini nikakuta uchafu mweusi umeganda. Mama Syombua, ambaye siku zile hakukauka mlangoni pangu, akashika mdomo. "Damu," akasema. Nikaunusa. Ulinuka moshi. Yalikuwa masizi, na hayo hayakunituliza hata kidogo. Wembe unafanya nini juu ya moto, darini, muda mrefu hivyo? Kitu kinachowekwa kwenye paa juu ya meko ni kitu kinachofichwa.

Nikatafuta ufa. Chuma cha tupa ni kigumu lakini hakipendi kuanguka. Unapaka mafuta, unaacha kidogo, unafuta mpaka pakauke, halafu unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Chaki ilibaki nyeupe. Nilikuwa karibu kutamani ufa, ili nipate sababu ya kuutupa.

Sasa nitawapa kicheko. Mama Syombua alinishauri niuloweke kwenye maji ya chumvi, ati chumvi huondoa mambo ya watu. Nilimwambia mimi siamini vitu hivyo. Na kweli siamini. Lakini jioni hiyo nilipokuwa nafunga chumba, niliona maji yapo na chumvi ipo, nikasema hasara iko wapi? Fundi mzima, aliyefundishwa na Mzee Athumani, akaweka chuma kwenye chumvi. Asubuhi kutu ilikuwa imerudi na kuleta jamaa zake. Nilianza upya na majivu, na sikumwambia mtu. Shaka inaweza kukufanya mjinga kuliko imani.

Kisha nikaunoa kwenye kinoo, mgongo na makali vyote vikiwa vimelala kwenye jiwe, makali yakitangulia, kwa uzito wa mkono tu. Kwenye mkanda wa ngozi ni kinyume, mgongo ndio unatangulia, la sivyo unakata mkanda. Mpini nilitengeneza wa pembe ya ng'ombe, niliyoichemsha mpaka ikalegea, nikaibana katikati ya mbao ikanyooka. Wembe ukawa mzuri mpaka nikaona haya kuushuku.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kwenye mkia kulikuwa na kishimo upande mmoja na kinundu upande wa pili, na kila nilipoushika kidole gumba changu kilikaa juu ya kinundu na kuteleza. Nikasema mhunzi alikosea. Nikachukua tupa nikiondoe. Tupa iliteleza bila kuuma hata chembe, chuma kwa chuma mwenzake, nikakata tamaa nikakiacha.

Musyoka alirudi kama alivyosema, na ilikuwa siku ya soko. Sijui nani alipeleka habari, lakini kabla hajafika kwenye kiti mlango wangu ulikuwa umejaa vichwa. Mutinda alikuwa mbele na aproni yake ya bucha. Mama Syombua aliacha chai ichemke peke yake.

Nilikuwa katikati ya mambo mawili. Sheria ya Mzee Athumani ilisema nijaribu wembe kwenye ngozi yangu kwanza. Sharti la Musyoka lilisema yeye ndiye wa kwanza. Nikiwaza kwa akili ya kushuku, niliona mtego kila upande: nikijinyoa, nimevunja sharti ambalo sijui sababu yake; nikimnyoa yeye akakatika, watasema nimemwaga damu ya mgeni kwa wembe wa marehemu. Nilimwambia wazi mbele ya watu.

"Musyoka, huu wembe sijaujaribu. Na sitaki kuujaribu kwako kabla sijajua ni wa nani."

Akakaa kwenye kiti. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Ni ya baba yangu," akasema. "Amekufa."

Vichwa vya mlangoni vikarudi nyuma vyote pamoja. Mama Syombua hakusema "nilikuambia", lakini nililisikia.

"Alikuwa kinyozi Nuu," Musyoka akaendelea, polepole, kama mtu asiyezoea maneno mengi. "Hakuna mtu mwingine amewahi kuninyoa. Alipokufa wazee walisema hii itupwe korongoni. Nikaificha kwa paa. Nikaenda kwa vinyozi wa Mwingi, wote wanaijua, wanakimbia. Kitui pia kuna mtu alimjua. Ndio nikaja mahali hakuna mtu anajua. Na hizi ndevu nilisema hakuna wembe itazigusa mpaka hii iamke."

"Kwa nini hukuniomba niunoe tu ukarudi nao?"

"Nikirudi nayo italala kwa paa tena. Mimi ni mtu wa ng'ombe, fundi. Lakini wewe ukinunua, utaitunza."

Nilipaka povu, nikafungua wembe, nikaanza. Ulikata, lakini uliburuta kidogo, na kidole changu kiliteleza palepale penye kinundu. Musyoka hakutikisika. Ndevu zilianguka mafungu kwa mafungu, na chini yake akatokea mtu mdogo kuliko nilivyodhani, mwenye uso wa kawaida wa mtu aliyefiwa. Sikumkata mahali popote.

Nilipomfuta alipapasa shavu lake. "Umenoa vizuri sana," akasema. "Lakini unaishika kama mgeni. Baba alikuwa mashoto. Hata mimi. Hiyo shimo ni ya kidole chake."

Nikauangalia mkia wa wembe nikaona kile ambacho siku zote nilikuwa nakiita kosa la mhunzi. Nilitaka kumuuliza kama yeye aliwahi kuushika, lakini akanitangulia kusema.

"Alinifundisha kunyoa. Kunoa alisema nitajifunza baadaye."

Akainuka. Nilimnyooshea ufagio, kama nilivyomnyooshea kila mtu. Ndevu zake zote zilikuwa pale sakafuni, fungu kubwa, na watu wa mlangoni walikuwa wakitazama. Musyoka aliutazama ufagio, akatazama sakafu.

"Fagia wewe," akasema.

Mimi nilisimama na ufagio wangu, na nilijisikia vibaya, kwa sababu mtu niliyemhesabu mchawi, mwizi na labda muuaji alikuwa ameniachia mimi, mtu asiyemjua, kile ambacho watu wa kanisa langu hawakunipa hata siku moja.

Basi nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilisafisha wembe kwa spiriti, nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, nikampa Musyoka, mpini mbele. Kisha nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe.

"Wa pili ni mimi," nikasema.

"Aiya," Mama Syombua akanong'ona.

Sikuwa nimewahi kukaa kwenye kiti kile uso ukitazama kioo. Ni kiti kibaya. Unaiona shingo yako mwenyewe. Musyoka akanipaka povu bila haraka, akaushika wembe kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba kikalala kwenye kile kishimo kana kwamba hakijawahi kutoka. Alipoanza, ule wembe haukuburuta. Nilisikia tu sauti nyembamba, ileile niliyoisikia siku ya kwanza nilipoupiga ukucha. Na mimi, ninyi wanangu, sikutulia. Nilimshuku mpaka dakika hiyo. Niliwaza: huyu simjui, baba yake simjui, na hadithi yote hii nimepewa na yeye mwenyewe. Mlangoni Mutinda alikuwa amechukua maji yangu ya beseni bila ruhusa na alikuwa akilowesha kidevu chake. Mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Nyuma yake mzee mwingine alikuwa anavua kofia.

Musyoka aliinua kidevu changu kwa vidole viwili, akaweka wembe juu ya kikoromeo, akasimama.

"Sasa unaniamini?" akauliza.

Sikumjibu. Wembe ukiwa shingoni, mtu haongei.

Lakini aliponifuta povu nikainuka, ndevu zangu zikiwa zimechanganyika na zake pale sakafuni, ufagio ulikuwa pembeni, na mimi sikuugusa.